Hiyo Xbox mnayoiita taka, sisi huku Oli tunaangalia nayo sinema

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Oli, Arua, huku Uganda. Gazeti lenu huwa linanifikia limechelewa siku mbili tatu, maana jirani yangu ndo ananunua na mimi nasubiri amalize, kwa hiyo mnisamehe kama jambo lenyewe mmeshalisahau. Nazungumzia ile makala yenu iliyosema mtu akitaka sinema nyumbani basi anunue smati TV mpya, na zile mashine za gemu za zamani zimekwisha kazi, mahali pake ni kwenye taka za elektroniki. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nimekaa sebuleni na watoto wanaangalia filamu, sauti ya VJ Jingo, yule anayetafsiri filamu kwa Kiganda, imejaa nyumba nzima, na mashine iliyokuwa inaicheza ni Xbox ile ya kwanza kabisa ya Microsoft, lile boksi jeusi zito kama tofali lililotoka Marekani mwaka 2001.

Sasa huyo mwandishi wenu nadhani hajawahi kuifungua moja akaona ndani. Angeifungua asingeandika vile. Ndani ya Xbox mna kompyuta bwana, kompyuta kabisa, prosesa ya Intel ya megahetzi 733, memori megabaiti 64, hadidiski ya gigabaiti 8 au 10, mahali pa waya wa netiweki, na hata zile pedi zake ni USB ya kawaida isipokuwa wamebadilisha umbo la plagi ili usichomeke kitu kingine. Microsoft walikuwa wanaiuza dola 299 kwa hasara, walitegemea faida ije kwenye gemu, na ndo maana wakaifunga isikubali programu yoyote ambayo wao hawajaipitisha. Yaani umenunua kompyuta halafu umeambiwa wewe cheza tu.

Mi yangu nilipewa na shemeji aliyeko Boston, akamtumia mtu aliyekuwa anarudi. Nikafika nayo nyumbani, sikuuliza mtu, nikatafuta adapta ya plagi nikachomeka ukutani. Ilitoa mlio mmoja tu, pap, na harufu. Umeme wa kwetu ni volti 240 na pawa saplai ya Xbox ya Marekani inataka kama 120, wala haina ile swichi ya kubadilisha. Hapo nilijilaumu mwenyewe na bado najilaumu. Ilikaa uvunguni karibu mwaka mzima mpaka nikapata pawa saplai ya Xbox nyingine ya Ulaya iliyokufa bodi, fundi wa hapa mtaani akaihamisha, ikawaka. Mwenye kuletewa kitu kutoka Marekani naomba ageuze nyuma asome kibandiko kwanza, dakika moja tu.

Ikawaka lakini picha ikawa nyeusi na nyeupe. Mzee wangu akasema hii mashine kumbe ni ya zamani kweli, hata rangi haina! Kumbe TV yetu ya wakati ule, ile yenye mgongo, ilikuwa inajua mfumo wa picha wa PAL peke yake, na mashine inatoa mfumo wa Marekani, NTSC, ndo rangi zikapotea. Hilo linarekebishwa ndani kwa programu, ila lazima kwanza uifungue ikubali programu ambazo Microsoft hawakuzipitisha.

Kuifungua ndo raha yenyewe, na hapa ntakaa kidogo. Mwaka 2002 mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani anaitwa Andrew Huang alichukua Xbox akachomeka vifaa vyake kwenye njia ambayo chipu mbili zinaongea, akasikiliza, akaukuta ufunguo wa siri ambao Microsoft waliifungia mashine unapita pale wazi. Baada yake watu wakatengeneza chipu za kulehemu kwenye bodi. Halafu ikaja njia ambayo haihitaji hata bisibisi, ndo niliyotumia mimi. Kuna gemu linaitwa MechAssault, wewe unachukua faili la gemu iliyoseviwa ambalo limeharibiwa makusudi, unaliweka kwenye memori kadi ya Xbox, unalihamishia ndani, unafungua gemu unaliambia endelea nilipoishia. Gemu linaliamini faili bila kulikagua, linalisoma, na ndani ya lile faili kumbe kuna maagizo mengine kabisa, mashine inaanza kuyafuata. Mlango umefunguka. Ni kama askari wa getini anayeangalia picha ya kitambulisho tu bila kusoma jina. Ila sio kila toleo la diski hiyo linakubali, zile zilizochapwa baadaye waliziba tundu, mi nilipata ya zamani kwa bahati huko Ariwara, ng'ambo ya Kongo, imechanganywa na diski za ndombolo.

Baada ya hapo ndo unaweka programu ya kuchezea sinema. Vijana wa kujitolea, hawalipwi na mtu, walianza kuiandika mwaka huohuo 2002, baadaye ikaitwa XBMC, yaani Xbox Media Center, hiyo XB ya mwanzo ndo Xbox yenyewe. Mwaka 2014 wakaibadilisha jina ikawa Kodi. Ndiyo hiyohiyo Kodi ambayo watu wanaiweka sasa hivi kwenye vile viboksi vya Android na kwenye smati TV mnazotuambia tununue! Kwa hiyo Mhariri, mnamsifu mtoto mnamtupa mama. Wenyewe waliacha kuitengenezea Xbox ya zamani mwaka 2010, wengine wakaendelea nayo kwa jina la XBMC4Xbox, na hiyo ndo iko kwangu.

Na kuna kichekesho. Xbox inatoka dukani ina mlango wa DVD lakini ukiweka DVD ya filamu inakataa, mpaka ununue remoti yao na kile kidude cha kupokea remoti. Ukiweka XBMC, DVD inacheza bila kununua chochote. Mlango ulikuwepo siku zote.

Sitaki kudanganya watu, kuna vitu haiwezi. Filamu za HD isahau, prosesa ile inachoka, picha inakatakata kama mtu mwenye kwikwi. Mi nachukua faili za sasa nazigeuza kwenye laptopu ziwe faili ndogo za aina ya AVI za kama megabaiti 700, halafu nazituma kwa waya wa netiweki, hadidiski nimeweka ya gigabaiti 120 niliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa. Kwenye TV ya mgongo picha ni safi kabisa, kwenye TV pana bapa inaonekana laini kidogo, lakini watoto wamezoea, na mke wangu anachotaka ni Kihindi chake kisikwame katikati. Feni ndo inanguruma kama mashine ya posho. Tunaongeza sauti tu.

Kabla ya kubadilisha hadidiski jamani sikilizeni, ile ya kwanza imefungwa kwa namba ya siri ambayo imewekwa kwenye chipu ndogo ya bodi. Ukiichomoa ukaiweka kwenye kompyuta haifunguki, na bodi ikifa kabla hujatoa nakala ya ile chipu, hadidiski nayo inakuwa jiwe. Toa nakala, iweke kwenye flashi, flashi ufiche mahali watoto hawafiki. Na kuna kapasita moja ya saa kwenye bodi, mviringo hivi, kazi yake ni kukumbuka saa ukizima umeme, basi. Hiyo ikizeeka inavuja maji ambayo yanakula njia za shaba pole pole hata kama mashine imekaa stoo haitumiki. Itoe. Mashine itafanya kazi vizuri tu, saa ndo itakuwa inasahau, na kwenye sinema nani anauliza saa. Toleo la mwisho, 1.6, walitumia ya aina nyingine, hilo halina shida sana. Xbox nyingi mnazoona zimekufa nadhani zimeuliwa na hicho kidude cha mia mbili.

Wenye PlayStation wataniuliza na sisi je. PS2, ambayo karibu kila kibanda cha gemu hapa Uganda kimewahi kuwa nayo, inacheza DVD hivyo ilivyo, na ukipata memori kadi iliyowekwa Free McBoot, programu ya kuifungua hiyo PS2, unaweza kufungua programu ya kuchezea filamu kutoka kwenye flashi, ila USB yake ni ya zamani sana, 1.1, kwa hiyo faili ndogondogo tu, kubwa zinakwama. PS3 ni nzuri zaidi kwa kazi hii, ina HDMI, inasoma Blu-ray, inacheza MP4 na AVI za DivX bila kuivunja mahali popote, masharti ni flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 na faili lisizidi gigabaiti 4, na faili za aina ya MKV haizitaki. Ukiwa na laptopu kwenye netiweki moja unaweza kuirushia filamu bila hata flashi. Ubaya ni umeme, ile PS3 ya kwanza nene inaweza kula karibu wati 200, mwenye mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, atajua, na mwenye sola ndogo asiiguse kabisa. Wenye Xbox One na zilizofuata wao wamebarikiwa, Kodi imo dukani kwao rasmi tangu 2017, unaiweka kama unavyoweka WhatsApp.

Lakini PS3 ndo inayonifanya niandike barua ndefu hivi, kwa sababu ile makala yenu ilisema pia eti mwenye mashine aache kuchokonoa, kampuni ndo inajua mashine yake inafaa kwa nini. Basi niwakumbushe. PS3 ilipotoka mwaka 2006 Sony wenyewe, wanaoitengeneza, waliweka mlango wa kuingiza Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ulikuwa unaandikwa kabisa kwenye menyu, mtu alikuwa anaigeuza kompyuta bila kuiba ufunguo wa mtu. Hata jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 zaidi ya 1,700 zikawa kompyuta moja kubwa ya kazi zao. Halafu tarehe 1 Aprili 2010, watu wakadhani ni utani wa sikukuu ya wajinga, ikaja apdeti namba 3.21 ikauondoa ule mlango. Ulikuwa na hiari ya kukataa, ndiyo, lakini ukikataa huchezi tena na wenzako mtandaoni na gemu mpya hazifunguki. Mtu kalipa pesa, kapeleka nyumbani, halafu baada ya miaka kitu kinanyofolewa kutoka mbali. Watu wakaenda mahakamani huko Marekani, kesi ikavutana miaka, mwisho 2018 Sony wakakubali kulipa dola milioni 3.75. Ukigawa kwa watu na mawakili ni hela ya soda, lakini walilipa.

Kwa hiyo mi nikisikia mtu anasema mwenye mali asiiguse mali yake, nauliza mwenye mali ni nani. Mkulima akinunua jembe hakuna anayempigia simu kumwambia kuanzia Jumatatu jembe lako halilimi mihogo. Na sisemi watu waibe gemu, hilo ni jambo jingine na sitaki mnipachike maneno. Kwenye Xbox yangu nyingi ni video za harusi za ukoo, maulidi ya hapa Oli, mikanda ya kaseti ya marehemu baba niliyoigeuza kuwa MP3, na hizo filamu za maVJ nazinunua kwa kijana wa pale mjini, anajaza kwenye flashi, analipwa.

Na kununua smati TV mpya mnakosema, sawa, mwenye nazo anunue, kiboksi cha Android pia ni rahisi na kinakula umeme kidogo kuliko mashine yangu, hilo nakubali kabisa wala sibishi. Lakini kustrimu kwenye hivyo kunataka intaneti muda wote, na tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, jioni moja ya kustrimu watoto wamemaliza bando la wiki. Xbox haijui hata kama intaneti ipo.

Ombi langu mchape hii barua hata mkiikata, ila msikate ile sehemu ya kapasita. Na huyo mwandishi wenu kama anayo Xbox moja imelala stoo, na kwa jinsi anavyozichukia nadhani anayo, asiipeleke kwenye taka, aifunge vizuri kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, aiweke kwenye basi la Arua, nauli nitalipa mimi, nitaipokea stendi.

Wenu msomaji,
Oli, Arua