Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Mkataba wa dereva usomwe Mtwara kabla mikorosho haijawekwa rehani

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

Salaam kutoka Mtwara. Nakuandikia kuhusu vijana wetu wanaoondoka kwenda kuendesha malori Ulaya, Uarabuni na Kanada. Ombi langu naliweka mwanzoni ili hata ukiitwa kikaoni katikati ya kusoma uwe umelipata. Naomba ofisi ya kazi ya hapa Mtwara ipewe mtu, mamlaka na vitendea kazi vya kusoma na kuhakiki mkataba wa dereva anayekwenda nje, bila malipo, kabla hajampa wakala hata shilingi moja. Huduma hiyo isiwe Dar es Salaam. Iwe hapa hapa.

Siombi vijana wazuiwe. Mimi mwenyewe nimeishi kwa usukani tangu nilipoanza utingo. Nimebeba korosho, nimebeba saruji, nimekaa foleni kwenye mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa mpaka unga tuliotoka nao nyumbani ukaisha. Mtu anayetafuta usukani unaolipa vizuri zaidi simlaumu hata kidogo. Tena vijana wa sasa wana mkono mzuri. Tangu gati jipya la mita 300 likamilike na makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kuteremka kutoka Mbinga kuja bandarini kwetu, barabara ya Masasi haina usiku wala mchana. Vijana wa Masasi, Nanyamba na Mikindani wamejifunzia trela kwenye njia hiyo, kwenye miteremko na madaraja yake, wakiwa na mzigo mzito mgongoni. Wanaposikia kwamba Ulaya madereva wanazeeka na watoto wa kule hawaitaki kazi hiyo, wanasikia jambo la kweli.

Na wapo waliofika. Kijana mmoja niliyemfundisha gia yupo Poland sasa. Anamsomesha mdogo wake na amemwezekea mama yake nyumba. Hunitumia ujumbe wa sauti akiwa ameegesha: "Mjomba, huku kuna kifaa kinaandika kila dakika unayoendesha. Ukizidisha, faini." Kwa hiyo safari hii ipo, Mheshimiwa. Kinachoniumiza ni mlango wanaopitia.

Tazama majira. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na fedha zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo makundi ya WhatsApp yanapochangamka: nafasi za Poland zimebaki chache, leta nakala ya pasipoti, lipia fomu leo. Mwenye fedha analipa. Asiyenazo anaweka mikorosho rehani, mara nyingi si yake bali ya mama yake au ya ukoo, na mwenye fedha anavuna misimu kadhaa mpaka deni liishe.

Wewe unaifahamu kangomba. Mkulima akishikwa na njaa au ada ya shule kabla ya mavuno, anatokea mtu mwenye fedha, anampa kidogo, na korosho ikianguka tu yule mtu anaibeba kwa bei ya kutupa. Serikali imepigana na kangomba miaka mingi. Mwaka 2018, ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja huku kusini kubeba, watu wa kangomba walisakwa kijiji kwa kijiji. Sisahau kwamba msimu ule wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa uchungu. Lakini Serikali ilionyesha kwamba ikitaka kumfuata mnunuzi wa aina hiyo, inaweza. Dereva anayelipia safari kwa mikorosho ya mama yake naye ananunuliwa kangomba. Jasho la miaka yake ijayo linakwenda kabla hajaligusa, kwa bei asiyoijua, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumwona uso kwa uso. Mnunuzi huyo hasakwi na yeyote.

Nina mfano wa karibu. Kijana wa Newala, dereva safi, aliambiwa kuna kazi Ulaya. Alilipa ya fomu. Kisha ikaja ya kutafsiri vyeti, kisha ya daktari, kisha ya "kuharakisha" ubalozini. Kila malipo yalikuwa madogo kuliko aibu ya kuacha katikati, ndiyo maana aliendelea. Siku simu ya wakala ilipozimwa, mikorosho ya familia ilikuwa tayari kwa mtu mwingine. Alikuwa na mkataba mkononi, una mhuri na nembo yenye rangi. Alinionyesha. Haukutaja gari atakaloendesha, haukutaja mji, na mshahara uliandikwa bila kusema ni kabla ya makato au baada. Afisa wa kazi mwenye uzoefu angeugundua kwa kuupitia mara moja. Lakini yeye hakuwa na wa kumpelekea.

Hapo ndipo kilipo kiini cha barua hii. Kijana huyu si mjinga. Kwa miaka yote aliyoendesha hapa nchini hakuwahi kushika mkataba wa maandishi. Tajiri anapiga simu, anasema "njoo uchukue gari", na kazi imeanza. Siku akichoka anasema "acha funguo", na kazi imekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Aprili 2015 madereva walipogoma nchi nzima na mabasi yakalala kituoni Ubungo, Dar es Salaam, mikataba ilikuwa moja ya madai yetu makubwa. Miaka zaidi ya kumi imepita na bado madereva wengi tunaowaona barabarani wanaendesha kwa ahadi ya mdomo. Mtu ambaye nchi yake haikuwahi kumpa mkataba atapima vipi ule wa kigeni? Kwake yeye, karatasi yenye mhuri ni heshima ambayo hajawahi kupewa, na anaitia sahihi kwa furaha.

Ngoja nitaje machache ambayo msomaji wa upande wetu angeyatafuta ndani ya mkataba wa Ulaya, ili uone kwamba si kazi ya kukisia.

Kwanza leseni. Daraja E ya Tanzania peke yake haimfanyi mtu dereva wa lori la biashara katika Umoja wa Ulaya. Anatakiwa awe na sifa ya weledi inayoandikwa kwenye leseni kwa namba 95, na mafunzo yake ya awali ni saa 280, au saa 140 kwa njia ya mkato, kisha saa 35 kila baada ya miaka mitano. Nani analipia mafunzo hayo? Kwa lugha gani? Na wakati anasoma, anakula nini? Mkataba usiojibu hayo unamaanisha atalipia dereva, kwa kukatwa mshahara miezi asiyoijua idadi yake. Tena mwajiri wa kule anatakiwa kumchukulia dereva asiye raia wa Umoja huo cheti maalumu kinachoonyesha ameajiriwa kihalali, ndipo avuke mipaka na mzigo. Wakala asiyekijua cheti hicho hajawahi kumpeleka dereva yeyote.

Halafu malipo. Mikataba mingi ya Poland huwa na mshahara wa msingi mdogo, na sehemu kubwa ya fedha ni posho ya siku anazokuwa safarini. Wakala anajumlisha vyote na kutangaza jumla. Dereva akiugua au gari likikaa gereji, posho inakatika na anabaki na ule msingi. Kuna pia tofauti ya mkataba wa ajira na mkataba wa kutoa huduma, ambao kinga zake ni ndogo zaidi. Ukishautia sahihi, mengi yamekwisha.

Na saa za kazi. Sheria ya Ulaya inamruhusu dereva aendeshe saa 9 kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, na apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Wiki nzima isizidi saa 56. Yale mapumziko kamili ya wiki ya saa 45 haruhusiwi kuyalala ndani ya kichwa cha lori. Mwajiri ndiye anayepaswa kugharamia malazi. Kijana wetu aliyezoea kutoka Songea jioni akaamkia Mtwara hajui kwamba anayo haki ya kitanda, kwa hiyo hataidai.

Wasioamini kwamba mambo huharibika hata Ulaya wakumbuke mwaka 2023. Madereva kutoka Georgia, Uzbekistan na nchi jirani, walioajiriwa na kampuni za Poland, waliegesha malori yao kwenye kituo cha Gräfenhausen, kusini mwa Frankfurt, wakagoma kwa wiki nyingi kwa sababu hawajalipwa. Ijumaa Kuu ya mwaka ule mwajiri aliwatuma walinzi binafsi kuja kuyachukua magari, polisi wa Ujerumani wakaingilia kati. Waligoma wakiwa pamoja, wanaelewana lugha, na vyama vya wafanyakazi viliwasimamia. Mmakonde aliye peke yake kwenye maegesho kama yale atampigia nani? Ubalozi wetu wa Berlin ndio unaoihudumia na Poland pia. Sijakutana na dereva hata mmoja aliyeondoka akiwa na namba ya ubalozi huo mfukoni.

Kwa Marekani, tarehe 21 Agosti 2025 Waziri wao wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kusitisha viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Tangazo hilo lilienea dunia nzima. Huku kwetu bado watu wameendelea kuahidiwa malori ya Marekani. Kanada nayo inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi wa kigeni gharama za kumtafuta na kumwajiri, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada na wakala. Kama kanuni ndiyo hiyo, fedha za mikorosho zinaingia kwenye hesabu gani?

Jirani zetu Kenya walitiliana sahihi na Ujerumani mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, na madereva wachache wa basi Wakenya walipokelewa mji wa Flensburg kwa majaribio. Naomba na sisi tukae mezani na nchi zinazotaka madereva, dereva aende akijulikana na serikali mbili. Najua mazungumzo ya namna hiyo huchukua miaka. Dawati la kusomea mikataba hapa Mtwara halihitaji kusubiri.

Sheria ipo. Tangu 1999 tuna sheria ya huduma za ajira, na wakala binafsi anatakiwa awe na kibali cha Serikali. Basi orodha ya wenye kibali ibandikwe kila ofisi ya kata na kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, pale pale wakulima wanapokuja kuuliza bei ya mnada. Afisa atoke ofisini wakati wa msimu, akae siku chache Masasi, siku chache Newala na Tandahimba. Kutoka Newala kwenda Dar es Salaam kuuliza tu kama karatasi ni halali ni nauli, malazi na siku kadhaa za kazi. Ndiyo maana hakuna anayekwenda. Mkataba usomwe mbele ya dereva na mkewe, au mama yake kama mikorosho ni ya mama, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nasisitiza habari ya mke. Mara nyingi yeye ndiye anayeuliza swali ambalo mume anaona haya kuliuliza, na akiachwa nje ya chumba ndiye atakayebaki na wadai mlangoni. Anayekusanya fedha bila kibali afunguliwe kesi, na panapohusu kuwapeleka watu utumwani, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 itumike bila kusita.

Baadaye tunaweza kuzungumza na chuo cha ufundi stadi cha VETA hapa Mtwara kuhusu mafunzo ya magari yenye usukani wa kushoto, kifaa cha kuandika saa, na Kiingereza cha barabarani. Madereva wazee tupo, wengine tumekaa tu nyumbani, tuiteni tufundishe.

Mheshimiwa, minada itaanza tena Oktoba. Naomba dawati liwe limefunguliwa kabla ya mnada wa kwanza, na jina la afisa wake litangazwe kwenye redio zetu za hapa. Siku likifunguliwa, nitawaleta vijana ninaowajua walioshika karatasi hivi sasa na hawajalipa bado.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva mstaafu wa malori,
Chikongola, Mtwara