Malalamiko: Nimetozwa Starta Mpya na Ukaguzi wa Umeme Ambao Haukufanyika

Kwa Meneja wa Huduma,

YAH: MATENGENEZO YA INJINI YA BOTI ISIYOZUNGUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea boti yangu kwa tatizo moja: nikigeuza ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, solenoidi (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye starta, yaani mota ya kuzungushia injini) inagonga "ta!" mara moja, kisha kimya. Injini haizunguki hata kidogo. Nilimweleza fundi aliyenipokea na kumwomba auandike ule mlio, kwa kuwa ndio unaoonyesha pa kuanzia. Solenoidi ikigonga, maana yake swichi ya ufunguo na swichi ya nyutro (inayozuia starta gia ikiwa imeingia) zimeshapitisha umeme. Kinachobaki kuchunguzwa ni betri, kebo nene, solenoidi yenyewe, starta, au injini iliyokwama. Kwenye fomu yenu aliandika "haiwaki", basi. Injini isiyowaka unaitafutia shida kwenye mafuta au plagi. Yangu ilikuwa haijafika hata huko.

Nilirudishiwa boti ikiwa na starta mpya, na risiti yenye mstari unaosema "ukaguzi kamili wa mfumo wa umeme". Mstari huo ndio sababu kuu ya barua hii.

Injini ilizunguka kwa muda mfupi, halafu ugonjwa ukarudi ule ule, safari hii nikiwa majini, upepo ukinisukuma kwenye miamba na abiria wamo ndani. Nilitupa nanga ikashika, tukangoja kuvutwa. Gari likizima unasukuma pembeni ya barabara. Baharini hakuna pembeni, na fundi wa injini za boti anapaswa kulikumbuka hilo kila anapokabidhi chombo cha mtu.

Nilipowarudia, mliniambia injini imejam na inabidi ifunguliwe yote. Sikukubali. Nilimwita fundi mwingine, naye akatoa plagi na kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono. Ilizunguka laini kabisa. Habari ya kujam ikaishia hapo.

Kisha akachukua mita ya kupimia umeme, kifaa ambacho karakana yenu haiwezi kukikosa. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaniambia nigeuze ufunguo huku akipima kwenye nguzo za betri: umeme ulishuka kidogo mno. Starta ikivuta umeme wake wa kawaida, betri lazima ishuke kwa kuonekana. Isiposhuka, basi umeme hauifikii starta. Akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma cha injini, nikageuza tena. Kebo isiyo na hitilafu hapo haipotezi hata nusu volti. Yangu ilikuwa inapoteza zaidi ya volti 6.

Akaifungua kebo ya hasi pale inapofungwa kwenye injini. Kwa nje ilikuwa safi, mpira wake mweusi hauna hata ufa. Alipouchana kwa kisu, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na unga huo ulikuwa umepanda ndani ya mpira zaidi ya urefu wa kidole. Ni shaba tupu isiyopakwa bati, na kichwa chake hakikuzibwa, hivyo maji ya chumvi yalikuwa yakinyonywa humo taratibu. Alifunga kebo mpya ya shaba iliyopakwa bati, akaziba vichwa vyake, na injini ikazunguka mara ya kwanza. Kisha akairudishia starta yangu ya zamani, ambayo niliidai kwenu siku ya kuchukua boti. Nayo ikazungusha injini bila shida.

Sasa naelewa kwa nini kazi yenu ilionekana kufaulu mwanzoni. Mlipobadilisha starta mlilegeza na kukaza upya boliti ya kebo hiyo, kutu ikasuguka kidogo na umeme ukapita kwa muda. Fundi wenu alikuwa ameishika kebo mbovu mkononi. Kipimo cha dakika chache kingemwonyesha.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mnirudishie gharama ya starta, ya kuifunga, na ya ukaguzi. Starta yenu nitairudisha. Mnipe kwa maandishi vipimo vya volti vilivyochukuliwa siku ile, na kama havipo, mwandike kwamba havikuchukuliwa. Pia nataka maelezo ni nani aliyeamua kwamba injini imejam, na kwa kipimo gani, maana ningekubali ushauri huo injini nzima ingekuwa mezani kwenu vipande vipande.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za mita wakati wa kupima, na picha ya kebo iliyochanwa. Kebo yenyewe ninayo, na niko tayari kuileta mbele ya fundi wenu mkuu. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja, mwenye boti