Barua ya malalamiko: bomba la baharini halitibu majitaka

Kamati ya Mapitio ya Usanifu,
Dodoma.
9 Julai

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ushauri wa Kihandisi,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TOLEO LA PILI LA USANIFU WA MAJITAKA YA MJI WA PWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Halmashauri mteja wenu ilitukabidhi toleo la pili la usanifu tulipitie. Tumelisoma ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro yake yote. Toleo la kwanza tulilirudisha likiwa na hoja 23. Katika hili la pili mmebadilisha jalada na jedwali la gharama, mkajibu hoja 4, na hoja 19 zimebaki kama zilivyokuwa. Kwa sababu hiyo hatuandiki tena maoni ya mapitio. Tunaandika malalamiko.

Lalamiko kubwa ni moja. Awamu ya kwanza mmeipa chujio, tangi la kutuamisha na bomba la mita 400 kuingia baharini, kisha mkaandika kwamba bomba hilo ni "hatua ya mwisho ya matibabu". Mabwawa ya kutibu mmeyasogeza awamu ya pili, "fedha zikipatikana". Bomba huhamisha majitaka tu, haliyatibu. Mkijenga hivyo, watu 60,000 watakuwa wanamwaga kinyesi chao mahali ambapo akina mama wanalima mwani na kuokota chaza maji yakipwa, na hakuna mahali popote katika ripoti palipotajwa mwaka ambao hali hiyo itakoma.

Tangi la kutuamisha likifanya kazi vizuri, majitaka yakikaa saa 2 ndani yake, huondoa nusu au zaidi kidogo ya chembe zinazoelea, na takribani theluthi ya BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu uliomo majini. Vimelea vya magonjwa huvipunguza kidogo sana. Viwango vya ubora wa maji vya nchi yetu vya mwaka 2007 vinataka majitaka yanayotoka mtamboni yawe na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita, chembe zisizozidi miligramu 100 kwa lita, na kolifomu, bakteria wanaoashiria kinyesi, zisizozidi 10,000 kwa kila mililita 100. Majitaka mabichi hubeba kolifomu kama milioni 10 kwa kipimo hicho hicho. Lazima zipungue mara 1,000. Tangi lenu haliwezi, na halikubuniwa kwa kazi hiyo.

Mnasema bahari itafanya kazi iliyobaki kwa kuyachanganya mara 100. Kwanza, kiwango hupimwa kwenye mdomo wa mtambo, kabla bahari haijagusa chochote. Pili, hiyo mara 100 haipo. Mchoro wenu unaonyesha bomba lenye mdomo mmoja wa milimita 300 kwenye kina cha mita 4. Majitaka ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo yakitoka yanapanda moja kwa moja hadi juu, na kadiri kina kilivyo kifupi ndivyo yanavyokosa nafasi ya kuchanganyika njiani. Kwa mtiririko wenu wa mita za ujazo 4,800 kwa siku, kina cha mita 4 na mdomo mmoja hutoa mchanganyiko wa mara 4 hadi 7 yanapofika juu. Ili kuikaribia mara 100 mnahitaji kina kikubwa mno kuliko hicho, na mwisho wa bomba uwe na matundu mengi madogo yaliyoachana, kila tundu likiwa na ulimi wa mpira wa kuzuia maji ya bahari na mchanga visirudi ndani. Na hata mara 100 ikipatikana, milioni 10 ukigawa kwa 100 ni laki moja, mara 10 ya kiwango.

Kina chenyewe mmekipima wakati gani? Ripoti haisemi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hukaribia mita 4 sehemu nyingi. Kama mita zenu 4 zilipimwa maji yakiwa yamejaa, basi maji ya bamvua yakipwa mdomo wa bomba utabaki juu ya mchanga, hadharani, mbele ya watoto. Hata upepo hamkuuhesabu. Utando mwepesi wa majitaka unaoelea juu husukumwa na upepo, na upepo wa kusi hausukumi kama wa kaskazi. Tunataka vipimo vya mkondo vya misimu yote miwili. Vipimo vya siku tatu za Machi havitoshi.

Tunakuja kwenye hesabu ya mzigo. Mmechukua BOD ya miligramu 200 kwa lita kutoka kwenye kitabu cha nchi ambako kila mtu hutumia maji mengi. Mji huu mmeukadiria lita 100 kwa mtu kwa siku, na asilimia 80 yake ndiyo inayorudi kwenye mabomba. Mtu mmoja hutoa takribani gramu 40 za BOD kwa siku. Zigawe kwa lita 80, unapata miligramu 500 kwa lita. Mzigo wa mji ni kilo 2,400 kwa siku, nanyi mmesanifu kilo 960. Kila kilichofuata baada ya hapo kimekuwa kidogo mno. Bwawa la kwanza, lile lenye kina kirefu lisilo na hewa, mmelipa mita za ujazo 3,200. Kipimo salama ni gramu 300 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Lenu litapokea gramu 750, na majitaka hayatakaa humo hata siku moja. Litanuka mtaa mzima. Ukubwa sahihi ni mita za ujazo 8,000, tena zigawanywe katika mabwawa mawili yanayofanya kazi sambamba, ili moja likifungwa kuondolewa tope jingine liendelee.

Kwenye bwawa la pili, lile ambamo mwani mdogo wa kijani hutengeneza oksijeni, ndipo tulipoona usanifu huu umetoka wapi. Mmetumia mzigo wa kilo 253 kwa hekta kwa siku. Kipimo hicho hutoka kwenye kanuni ya joto, na kinaangukia nyuzi 20, yaani Julai ya Dodoma. Julai ya pwani ni nyuzi 23 hadi 24, na inaruhusu takribani kilo 310 hadi 330. Kosa hilo peke yake lingeangukia upande wa usalama, lakini limeonyesha wazi kwamba mchoro wa bara umebadilishwa jina la mji. Sisi wa Dodoma tunayajua mabwawa ya aina hiyo, tunayo Swaswa. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na chumvi ya bahari haifiki. Pwani kuna masika na vuli, maji ya ardhini yako juu, na mabomba mengi hulala chini ya usawa wa maji yaliyojaa.

Jambo hilo la mwisho halimo kabisa katika ripoti yenu, na ndilo linaloua mitambo ya pwani. Bomba likiachia kwenye maungio, au chemba ikipasuka, bahari huingia kila maji yanapojaa. Chukulieni sehemu moja tu ya tano ya mtiririko iwe maji ya bahari: mita za ujazo 1,200 juu ya zile 4,800. Pampu zinafanya kazi ya bure, na muda wa majitaka kukaa bwawani unapungua. Lakini ubaya mkubwa ni salfeti. Maji ya bahari yana takribani miligramu 2,700 za salfeti kwa lita, kwa hiyo mchanganyiko huo utakuwa na zaidi ya 500. Ndani ya bwawa lisilo na hewa, na ndani ya mabomba yenyewe, bakteria huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Ikipanda kwenye mabomba ya zege, bakteria wa sehemu ya juu ya bomba yenye unyevu huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, nayo asidi hula zege mpaka bomba linabomoka kutoka juu. Ikifika bwawa la pili ikiwa karibu miligramu 8 kwa lita, mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni humo huanza kushindwa kufanya kazi. Bwawa hubadilika kutoka kijani kuwa jeusi au lenye wekundu, na mafundi huanza kulaumu mvua.

Kulipima jambo hilo la bahari kuingia mabombani ni rahisi, na mngeweza kulipima kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kwa kuwa mji tayari una mabomba ya zamani mnayotaka kuyaunganisha. Nendeni usiku wa bamvua, kati ya saa 8 na saa 10 maji yakijaa, wakati watu wamelala na majitaka ya nyumbani ni machache. Fungueni chemba moja baada ya nyingine kutoka ufukweni kwenda juu, mkipima upitishaji wa umeme wa maji, ambao hupanda chumvi inapozidi. Majitaka ya kawaida husoma kama mikrosimensi 1,000 kwa sentimita, maji ya bahari kama 50,000. Chemba inayosoma karibu 11,000 ina sehemu moja ya tano ya bahari. Mahali kipimo kinaposhuka ghafla, ufa uko kati ya chemba hiyo na ile iliyotangulia. Kazi ya usiku mmoja au miwili, watu wanne, kipimo kimoja na mwongozo wa maji kujaa na kupwa. Baada ya hapo mtajua ni mita ngapi za zege zibadilishwe kuwa mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa.

Mengine tunayapitia kwa haraka. Nondo za chujio mmeziachanisha milimita 50. Nepi na vipande vya kanga vitapita na kujifunga kwenye pampu. Wekeni chujio la milimita 20 hadi 25, na nyuma yake la milimita 6 hadi 10. Mtego wa mchanga haupo kabisa, katika mji ambao barabara zake ni mchanga. Jengeni mifereji miwili ambamo maji hupita kwa sentimita 30 kwa sekunde, mchanga ushuke na kinyesi kiendelee. Vituo vitatu vya pampu vina pampu moja moja, bila jenereta, na bomba la dharura linaelekea kwenye mikoko. Umeme ukikatika kwa muda wa saa moja, mita za ujazo 200 kwa wastani zimemwagwa kwenye mazalia ya samaki na kamba. Kila kituo kiwe na pampu mbili, kila moja ikiweza mzigo wote.

Tope nalo mmelisahau. Hesabu ya kawaida ni mita za ujazo 0.04 kwa mtu kwa mwaka, sawa na 2,400 kwa watu 60,000. Bwawa la kwanza huondolewa tope likijaa theluthi. Lenu litafika hapo kwa miezi mitano na kidogo. La ukubwa sahihi kwa takribani mwaka mmoja na mwezi. Kitanda cha kukaushia tope mlichochora kina mita za mraba 120. Wakati wa masika hakitakausha chochote.

Michoro ya mabwawa yote inaonyesha maji yanaingia na kutoka upande uleule. Yatakata njia, na siku 9 za kukaa zitakuwa 2. Mlango wa kutokea uwe pembe ya mbali kabisa, nao uzungushiwe kizuizi kinachochota maji chini ya utando: sentimita 30 chini kwa bwawa la kwanza, 60 kwa la pili, 5 kwa yale ya mwisho. Mabwawa hayo ya mwisho, yenye kina cha mita 1, ndiyo yanayoua vimelea, kwa jua kali na kwa maji ambayo mwani umeyapandisha alkali mchana. Mawili yakiwa na nafasi ya majitaka kukaa siku 4 kila moja, kolifomu zitashuka chini ya 10,000 hata moja likifungwa kwa matengenezo. Eneo lote la maji linafika hekta 7, na ukiweka kingo na barabara za magari ni kama hekta 10. Kama mji hauna hekta 10, semeni hivyo, mpendekeze mtambo mdogo wenye kuua vimelea mwishoni. Lakini klorini ndani ya majitaka ambayo hayajatibiwa hupotea bure, na inayobaki hudhuru samaki. Isipendekezwe kama njia ya mkato.

Kwenye kikao mtaalamu wenu alituuliza watu wa Dodoma bahari inatuhusu nini. Mto Kinyasungwe Mdogo hupita Hombolo, hapa kwetu Dodoma, maji yake huelekea Mto Wami, na Wami huingia baharini karibu na Saadani. Na bila hata mto huo, chaza wanaouzwa pwani wanaliwa na Watanzania. Chaza huchuja maji siku nzima na kuvikusanya mwilini vimelea vilivyomo.

Kwa hiyo, ndani ya siku 21 tunaomba yafuatayo: sentensi inayoliita bomba "matibabu" iondolewe, mabwawa yarudishwe awamu ya kwanza, na bomba lijengwe baada yake, hesabu ya mzigo irudiwe kwa gramu 40 kwa mtu, vipimo vya upitishaji wa umeme vya usiku wa bamvua viambatishwe, vikitaja tarehe na saa ya kila chemba, na hoja zote 19 zijibiwe moja moja kwa maandishi. Tathmini ya athari kwa mazingira mliyoambatisha ilifanywa kwa mchoro wa zamani, nayo irudiwe kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.

Hadi hapo hatutasaini fomu ya kukubali usanifu, na tumemshauri mteja asilipe sehemu ya pili ya malipo yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Kamati ya Mapitio ya Usanifu,
Dodoma.

Nakala: Mkurugenzi wa Halmashauri (mteja).