Barua kwa Atupele kuhusu maharage na tumbo

Uyole, Mbeya

Mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako niliipata Jumatano na nimeisoma mara mbili, kwa kuwa niliumia kuona kwamba unataka kurudia sembe na nyama kila siku kwa sababu tumbo linajaa gesi na kuunguruma usiku kucha. Nakusihi usiuache mlo wako mpya. Kwa jinsi ulivyonieleza, chakula chenyewe hakina kosa. Ulibadilisha kila kitu ndani ya wiki moja, dona badala ya sembe, maharage mchana na jioni, na kachumbari ya kabichi mbichi juu yake.

Mimi nilipoacha nyama nilipata adha hiyohiyo kwa karibu mwezi mzima. Nyuzinyuzi zilizojaa katika vyakula hivyo, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, hazimeng'enywi katika utumbo mwembamba, bali hufika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Maharage yana jambo la ziada, yaani sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Tumbo huhitaji wiki kadhaa kuuzoea mzigo huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, lakini hakuna anayekudai uzifikie Jumatatu ijayo.

Kwa hiyo anza upya, polepole. Changanya dona na sembe nusu kwa nusu, kula maharage vijiko vitatu au vinne mara moja tu kwa siku, na kabichi uipike kwanza. Tumbo likitulia wiki nzima, ongeza kidogo.

Sasa naomba unisikilize kuhusu upishi, maana hapo ndipo ninapohisi tatizo lako lilipo. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyasuuze, kisha uyapike kwa maji mapya. Najua mama zetu huona kwamba kumwaga maji hayo ni kumwaga utamu, lakini sehemu ya sukari hizo za gesi huyeyukia humo. Tena kumbuka tunaishi juu: hapa Mbeya, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na kwenu Iringa hali ni karibu hiyohiyo, hivyo maharage yetu hukawia kuiva kuliko ya Dar es Salaam. Yale mekundu yasipoiva vizuri yana sumu ya asili inayoweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kuhara, kwa hiyo yachemke kwa nguvu, na yaive hadi punje ipondeke kwa vidole bila kubaki kiini kigumu. Magadi huyalainisha haraka, ila huharibu vitamini B1, nami nimeacha kuyatumia.

Maji ya kunywa usiyasahau, hasa miezi hii ya Juni na Julai ambapo baridi hutufanya tusisikie kiu, kwani nyuzinyuzi bila maji ya kutosha zinaweza kukufungisha choo badala ya kukilainisha. Tafuna taratibu, na baada ya mlo utembee kidogo, hata kuelekea jiwe la Gangilonga hapo Iringa na kurudi.

Hata hivyo, ukiona damu chooni, ukipungua uzito bila sababu, ukipata homa, ukitapika mara kwa mara, au maumivu yakikuamsha usiku, usisubiri barua yangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nijibu upesi unieleze maharage yako huyaloweka kwa saa ngapi, na maji yake huyapeleka wapi. Wasalimie mama na watoto.

Rafiki yako akupendaye,
Subira