Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti ya Nyandarua

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kinangop. Nakuandikia kuhusu malisho yetu na ndege mmoja anayeyategemea kuliko hata ng'ombe. Mgongo wake ni wa kahawia yenye michirizi, kifua cha manjano, na ukucha wa nyuma ni mrefu ajabu. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani popote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ni miongoni mwa ngome zake kuu. Yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Najua wapo watakaocheka waziri akiandikiwa barua ya ndege. Wacheke.

Huyu hajengi mtini. Hutaga chini, mayai mawili au matatu, ndani ya kishungi cha nyasi ngumu, zile ambazo ng'ombe huzigusa akizidiwa na njaa tu. Ukiinama ukayapenua majani, utaona kiota kimezama humo, majani yamekiinamia kwa juu. Majani hayo ndiyo kinga yake dhidi ya mvua ya mawe, baridi ya usiku na macho ya kunguru.

Sasa tazama majira anayozalia. Mvua zikishika, panzi na mbawakawa huongezeka, na makinda hupata chakula. Ni wakati huohuo sisi wafugaji tumetoka kwenye kiangazi na jalidi, nyasi kavu za akiba zimekwisha, na kila mnyama anafunguliwa aende malishoni. Kondoo hula hadi udongoni. Kwato nazo hazichagui pa kukanyaga. Kiangazi kikirefuka, hata vishungi huliwa, na mvua ikifika ndege hana pa kuficha kiota.

Hata hivyo, ng'ombe hana hatia. Malisho yakikaa bila mnyama, nyasi hurefuka kote na ndege huyu huyakimbia, maana hutafuta wadudu kwa miguu penye nyasi fupi. Anataka nyasi fupi za kutembea na vishungi vya kutagia, na hilo ndilo shamba la mfugaji wa maziwa asiyerundika mifugo. Linalommaliza kabisa ni trekta: malisho yakishageuzwa viazi na kabeji, mvua iwe njema iwe mbaya, haonekani tena. Na ardhi hii ni ya wenyewe, mashamba ya familia tangu enzi za uhuru, kwa hiyo tusizungumzie hifadhi ya taifa.

Ombi langu basi linaangukia ofisi yako. Maafisa wa kilimo wa nyanjani watufundishe kulisha kwa zamu, ili mvua zinapoanza kipande kimoja kipumzike wiki kadhaa, nyasi nazo zipate kuchipuka vizuri. Watueleze kwamba kishungi si takataka ya kufyeka wala kuchoma. Na bajeti ikipangwa, fikiria vituo vya kupozea maziwa kabla ya mbegu za viazi. Mtu huita trekta anapoona viazi vinalipa karo na maziwa hayalipi. Bei ya maziwa ikisimama, mimi mwenyewe sina sababu ya kulima kile kipande cha juu.

Wako mwaminifu,
Mfugaji, Kinangop Kusini