Barua ya wazi kwa vijana wapiga gitaa wa kwaya za Lubumbashi

Wana wangu,

Mkimaliza kulinganisha nyuzi, mnapiga akodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya mi kubwa. Ikitoa ukali kidogo, mnalegeza uzi wa sol mpaka itulie. Wimbo ukiingia akodi ya do, uzi uleule unasikika umeshuka, na lawama inaliangukia gitaa.

Gitaa halina kosa. Ukipanda kwinti safi (zisizoyumba) 12 mfululizo, do-sol, sol-re, na kuendelea, unazidi oktavu 7 (oktavu ni do hadi do inayofuata) kwa senti 23 na nusu hivi; senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti, na nusu-toni moja ni senti 100. Ziada hiyo haifutiki, inagawanywa tu, na mgawanyo wake ndio temperamenti. Gitaa na kinanda huigawa sawasawa: kila kwinti hupungua senti 2, kitu kidogo mno. Mzigo mkubwa huangukia tiersi, kama mi hadi sol dièse (sol iliyopandishwa nusu-toni). Sol dièse ya akodi ya mi hukaa senti 14 juu ya pale sikio linapotaka. Ndio ule ukali. Uacheni! Mkiutibu hapo, mmevunja akodi za do na sol.

Chukueni noti ya la kwenye kinanda, kisha fuateni harmoniki, yaani kugusa uzi juu ya freti (kijichuma cha shingo ya gitaa) bila kuukandamiza. Freti ya 5 ya mi nene (uzi mnene kuliko zote) ipigwe pamoja na freti ya 7 ya uzi wa la. Wengi hukaza mpaka sauti zisiyumbe kabisa, na hapo ndipo wanapopotea: hizo ni kwarti safi (kwarti ni kama mi hadi la), kila moja fupi kwa senti 2 kuliko ya kinanda, na kutoka mi hadi sol mmeshapungukiwa senti 6. Iacheni harmoniki ya freti ya 7 iwe juu kidogo tu. Kati ya mi na la, yumbo moja kwa karibu sekunde 3. Kati ya la na re, kwa sekunde 2. Kati ya re na sol, kwa sekunde 1 na nusu. Uzi wa si msiupime kwa sol. Upimeni kwa harmoniki ya freti ya 7 ya mi nene, uzi huo wa si ukiwa chini kidogo sana. Mi nyembamba ilingane kabisa na freti ya 5 ya mi nene.

Uzi uliochakaa hudanganya hatua zote hizi, ubadilisheni kwanza.

Waimbaji wasio na ala huelekea tiersi safi wenyewe, na wana haki. Kwenye akodi ndefu ya mwisho, pigeni do na sol tu, mi waachieni wao.

Mzee wenu