Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: mwaka tuliompoteza Mpishi

Ndugu wanachama, wagumu wenzangu mnaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, wapishi, na akina mama mliokuja kwa niaba ya waume walioko mlimani leo, karibuni.

Kila mwaka mimi husema maneno mawili matatu hapa, kisha namkaribisha mweka hazina asome hesabu. Leo nimezisoma mwenyewe, na mmeona nilivyojikwaa kwenye mwandiko wake. Mniwie radhi. Ada zilisuasua hadi Juni, zikatengemaa msimu ulipochanganya. Kamati ilikaa kila mwezi isipokuwa Aprili, mvua ilipotushinda. Mengine yamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Muda uliobaki naomba niutumie kwa huyo mweka hazina wetu marehemu, Mpishi, kama tulivyomwita wote, hata mkewe.

Mlioanza kubeba juzijuzi mlimjua kama mzee wa kaunta buku na maneno makali. Sisi tulimjua jikoni. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673, maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Unayaona yanatokota, lakini maharage yanakutazama tu. Nimeona wapishi wakimaliza mtungi wa gesi wakibishana nayo. Yeye aliyachemsha huku chini, Moshi, usiku wa kuamkia safari. Kule juu ikawa kazi ya kupasha. Na wagumu hawakusubiri mabaki ya wageni. Sufuria yao iliiva kwanza, jambo lililomgombanisha na viongozi wa misafara zaidi ya mmoja. Mmoja wao ni mimi, nikiwa msaidizi mpya na kichwa kimevimba.

Halafu ile mizani yake ya ndoano. Mzigo ukishapimwa getini, yeye alikusimamisha kwenye kona ya kwanza akaupima tena, maana alijua mbinu ya kuongeza vitu mkishavuka geti. Zikizidi kilo 20, kilichozidi kilirudi, hata kama ni kiti cha mgeni.

Ukali huohuo aliuleta kwenye hela zetu. Mwaka 2020 wageni walipokauka, wengi tulitaka tuvunje mfuko wa kufa na kuzikana tugawane. Watoto walikuwa na njaa, sitanii. Alikataa. Alisema mfuko huu una wenyewe, na wenyewe bado hawajafa. Aliitwa mchoyo, na kwenye kikao kimoja aliitwa mwizi. Jibu lake lilikuwa kupendekeza kwamba hela isitoke benki bila sahihi mbili kati ya tatu: mwenyekiti, katibu na yeye. Tukapitisha kwa hasira, tukidhani tunamkomesha yeye.

Agosti mwaka huu alianguka nyumbani asubuhi, akijiandaa kwenda sokoni Mbuyuni. Hakufika hospitali. Mimi nilikuwa kambi ya Karanga, mlimani, na kundi la njia ya Machame, na simu ilishika mtandao jioni nikiwa nakunja hema la chakula. Kiongozi aliniruhusu nishuke. Niliutazama mzigo wangu, nikajiuliza ungegawanywa kwa nani, wakati kila mmoja tayari ana wake. Nikabaki. Sijui kama nilifanya vizuri, na sitaki mnijibu.

Sasa sikilizeni tulivyonaswa. Sahihi moja ilikuwa ya marehemu. Ya pili ilikuwa mlimani na mimi. Katibu alikuwa Moshi peke yake na kitabu cha benki, hana la kufanya. Mtu aliyehakikisha kila rambirambi inafika kabla jeneza halijanunuliwa, ya kwake ilichelewa. Waliokuwa mjini walichangishana kwa simu usiku kucha. Turubai, maziko na usafiri vikapatikana kwa hela za mifukoni mwao. Majina yao yamo ukurasa wa mwisho wa hesabu, na wote wamesharudishiwa. Niliteremka kwa njia ya Mweka siku ya tatu, nikapanda gari na matope yangu hadi kihambani, shamba la nyumbani kwao. Nilikuta wanapanga maua juu ya udongo.

Kesho yake tuliutoa mfuko, tukampelekea mjane. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Shemeji, huyu hata hela ya chumvi alikuwa ananisainisha. Angewaambia msubiri." Akacheka, halafu akashindwa kuendelea kucheka.

Kamati inapendekeza yafuatayo, nanyi mtaamua kwa kunyoosha mikono. Sahihi mbili zibaki. Aliyewaza kwamba nimekuja kuziondoa, hapana. Ila waweka sahihi wawe wanne, na angalau wawili wawe watu wasiopanda mlima. Majina mawili ya akina mama yameletwa mezani. Mweka hazina mpya tutamchagua baada ya chai. Anayeogopa kuitwa mchoyo asichukue fomu.

Mengineyo ni moja tu. Mizani ya Mpishi iko hapa mbele. Familia imesema ibaki kwenye chama. Kuna kundi linaloingia Machame Jumanne. Atakayeichukua aandike jina kwenye kaunta buku, na mtu wa pili asaini pembeni.